Maradhi Mawili ya Ng'ombe

Butali ni mji mdogo katika nchi ya Wakabarasi, kaskazini ya Kakamega, si mbali na Malava. Ukifika huko leo, kitu cha kwanza kitakachovuta macho yako ni miwa: miwa mashambani, miwa juu ya malori, na moshi wa kiwanda cha sukari ukipanda angani. Kando ya miwa utaona mahindi na maharagwe, na nyuma ya nyumba utaona bustani za sukuma wiki. Lakini ukitaka kuijua hali ya boma, usiitazame miwa, maana muwa hungojwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kukatwa. Mtazame ng'ombe aliyefungwa kamba malishoni. Maziwa yake ni chai ya asubuhi, samadi yake ni chakula cha mboga na mahindi, ndama wake ni karo ya mtoto, na wazee hawajasahau kwamba ng'ombe ndiye mahari. Akifa ng'ombe huyo, hasara haikomei zizini. Huingia jikoni, huingia shambani, na mwisho huingia darasani, ambapo kiti cha mtoto mmoja hubaki kitupu.

Kwa sababu hiyo, msomaji, nataka tufuatane katika historia ya maradhi mawili ya ng'ombe. Ya kwanza huitwa sotoka, na ya pili huitwa ndigana kali. Sotoka ilikuwa kama jeshi lenye ngoma na bendera: ilipoingia katika nchi, kila mtu alijua. Ndigana ni kama mwizi wa usiku. Huja juu ya mgongo wa mdudu ambaye mtoto aweza kumponda kwa ukucha. Ajabu ni kwamba jeshi lile kubwa limeshindwa, wala halipo tena popote duniani, na mwizi huyu mdogo bado anaingia mabomani mwetu. Imekuwaje hata mkubwa akashindwa na mdogo akabaki? Jibu la swali hili lina faida kwako kuliko majina ya dawa zote zilizo dukani.

Tuanze na sotoka. Ugonjwa huu ulikuwa maarufu katika Asia na Ulaya kwa karne nyingi, lakini nchi zetu hazikuujua. Mwaka 1887 Waitalia walikuwa na majeshi yao Masawa, katika pwani ya Eritrea, na ng'ombe walioletwa huko kutoka ng'ambo walikuwa na sotoka. Kutoka pwani ile ugonjwa ulipanda Uhabeshi, na kwa kuwa ng'ombe wa huko hawakupata kuugua hata siku moja, hawakuwa na nguvu ya kuupinga. Walishikwa na homa, macho na pua zikatoa maji, midomo ikafanya vidonda, wakaharisha, na baada ya siku chache wakaanguka. Wakulima wa Uhabeshi hulima kwa maksai. Maksai walipokwisha, majembe yakasimama, na njaa iliyofuata kutoka mwaka 1888 mpaka 1892 iliua watu wengi wasiohesabika.

Sotoka haikusimama hapo. Kufikia mwaka 1890 na 1891 ilikuwa imeenea katika Afrika ya Mashariki, ikawamaliza ng'ombe wa Wamasai na wa makabila mengine ya wafugaji. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na mwaka uliofuata ilikuwa imeenea Afrika ya Kusini. Katika sehemu nyingi ilikopita, kati ya kila ng'ombe kumi, wanane au tisa walikufa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia. Wafugaji waliokuwa matajiri asubuhi wakawa maskini jioni. Wengine waliomba chakula kwa jirani zao wakulima, na wengine walihama nchi zao. Mahali palipokosa ng'ombe wa kula majani pakaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Basi elewa jambo hili: wageni waliokuja kutawala Afrika ya Mashariki miaka ile hawakukuta nchi katika nguvu zake. Waliikuta nchi iliyokwisha kuangushwa na ugonjwa na njaa. Mtu akikuambia kwamba nyika zile hazikuwa na watu wala mali, mwulize, je, alizitazama kabla ya sotoka au baada yake?

Sasa tutazame jinsi adui huyu alivyoshindwa. Mwanzoni silaha ilikuwa moja, nayo ni kuzuia ng'ombe wasitoke mahali penye ugonjwa kwenda mahali pasipo ugonjwa. Silaha hii ilipunguza madhara, lakini haikuyamaliza, maana wafugaji huhama na nyati hawasomi amri za serikali. Baadaye ikapatikana chanjo. Chanjo za kwanza zilitengenezwa kwa damu na viungo vya wanyama, na baadhi yake ziliwadhuru ng'ombe walio dhaifu. Mabadiliko makubwa yalitokea hapa kwetu Kenya, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi. Huko, kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, daktari wa mifugo Mwingereza aliyeitwa Walter Plowright na wenzake walifaulu kukuza virusi vya sotoka katika chembe hai ndani ya chupa. Walivihamisha kutoka chupa hadi chupa mara nyingi, hata vikapoteza ukali wake. Virusi hivyo vilivyofugwa havikumwua ng'ombe, lakini vilimfundisha mwili wake kupigana. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja tu alikingwa maisha yake yote, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Hata hivyo, usidhani chupa ya chanjo ndiyo iliyoshinda peke yake. Katika miaka ya 1960 nchi nyingi za Afrika zilichanja ng'ombe kwa pamoja, na sotoka ikakaribia kwisha. Kisha watu wakaona hatari imepita, wakalegea, na katika miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Ilibidi kuanza upya. Safari hii chanjo ilifanywa iweze kukaa siku nyingi bila barafu, na katika nchi za jua kali zisizo na barabara, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu mpaka makundi ya mbali. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapa Kenya. Wataalamu walingoja, wakachunguza, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba ulimwengu mzima umeokoka na sotoka. Katika historia yote ya binadamu, ugonjwa mwingine uliopata kufutwa namna hii ni ndui peke yake.

Na ndigana kali je? Habari zake zinaanza pwani. Mwaka 1897 mwanachuoni mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, alifika Dar es Salaam, akaitazama damu ya ng'ombe kwa darubini, akaona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana Marekani, nao huko ulikuwa umethibitishwa kuletwa na kupe. Lakini havikuwa vijidudu vile vya Marekani. Miaka michache baadaye, ng'ombe wa kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki walipelekwa kwa meli mpaka Beira ili kujaza mahali pa wale waliokufa kwa sotoka na vita. Mwaka 1902 ng'ombe wa Rhodesia wakaanza kufa kwa homa isiyojulikana. Unaona, msomaji, jinsi msiba mmoja ulivyofungua mlango wa msiba wa pili. Ugonjwa huo mpya wakauita homa ya Pwani ya Mashariki, na kijidudu chake kikaitwa kwa jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika ya Kusini.

Aliyemfichua mwenye kuueneza alikuwa Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Rasi. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza, lakini ilitaka subira. Aliwaweka kupe juu ya ng'ombe mgonjwa mpaka wakashiba na kuanguka. Akawangoja wajivue ngozi. Kisha akawaweka juu ya ng'ombe mzima, naye akaugua. Kufikia mwaka 1904 ilikuwa wazi kwamba mkosaji mkuu ni kupe wa rangi ya kahawia, ambaye hupenda kukaa ndani ya masikio ya ng'ombe.

Tafadhali mtazame kupe huyu kwa makini, kwa maana asiyeijua njia ya adui hawezi kuiziba. Kupe jike akishiba damu huanguka chini, hutaga mayai maelfu, kisha hufa. Katika mayai hutoka watoto wadogo wenye miguu sita, ambao hupanda ncha za majani na kungoja mnyama apite. Mtoto hunyonya, huanguka, hujivua ngozi na kuwa na miguu minane. Hupanda mnyama wa pili, hunyonya, huanguka na kujivua tena, sasa akawa kupe mzima. Mara ya tatu hupanda mnyama mwingine. Hivyo katika maisha yake hula mara tatu tu, na kila mara huenda kwa mnyama mwingine. Akiupata ugonjwa katika mlo mmoja, huutoa katika mlo unaofuata. Tena, akisha kushika ngozi ya ng'ombe, vijidudu vilivyo ndani ya mate yake huhitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya kuwa hatari. Siku hizo chache ndizo nafasi ya mkulima. Kupe akiuawa ndani ya siku hizo, ng'ombe amepona kabla ya kuugua. Ndiyo sababu mahali penye kupe wengi hushauriwa kuwaogesha ng'ombe mara mbili kwa juma. Mara moja kwa mwezi haisaidii kitu.

Dalili za ndigana hazina budi kujulikana na kila mwenye zizi. Baada ya juma moja au mawili tangu kuumwa, tezi iliyo chini ya sikio huvimba. Homa hupanda, ng'ombe huacha kula, maziwa hukauka, na nywele husimama. Baadaye mapafu hujaa maji, ng'ombe hupumua kwa shida, na povu hutoka puani. Akifikia hapo, mara nyingi amechelewa. Dawa za kutibu zipo tangu miaka ya 1980, nazo huponya vizuri ng'ombe akitibiwa mapema, lakini bei yake ni kubwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau tezi ya sikio huchimba kaburi la ng'ombe.

Pengine utasema, "Babu zetu walifuga, na hapakuwa na josho." Ni kweli. Ng'ombe wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu, wamekaa na kupe vizazi vingi, na wengi wao huugua wakiwa ndama, hupona, na huwa na kinga maishani. Lakini usisahau wale wasiopona. Baina ya mwaka 2007 na 2010 wataalamu waliwafuata ndama wa kienyeji zaidi ya 500 upande wa Busia, magharibi ya Kakamega, tangu kuzaliwa mpaka kutimiza mwaka mmoja. Miongoni mwa waliokufa, ndigana kali ndiyo iliyoongoza. Na ng'ombe wa kigeni wenye maziwa mengi wana hatari zaidi. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima Waafrika wa Kenya walizidi kuruhusiwa na kusaidiwa kufuga ng'ombe wa namna hiyo, ambao hapo kwanza walikuwa hasa wa walowezi. Ng'ombe hao walileta maziwa na fedha, lakini bila kinga dhidi ya kupe hawakudumu.

Basi majosho yakajengwa. Josho ni handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa. Ng'ombe huingia mmoja mmoja, hutumbukia, huogelea, na kutoka upande wa pili. Afrika ya Kusini, kwa majosho, kwa kuzuia ng'ombe wasitembezwe ovyo, na kwa kuchinja makundi yaliyoambukizwa, iliumaliza ugonjwa huu kufikia katikati ya miaka ya 1950, baada ya mapambano ya miaka hamsini. Kwetu kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ugonjwa una asili yake huku, na nyati wa porini hubeba kijidudu bila kuugua. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya ilichukua mzigo wa majosho mengi ya vijijini. Fedha zilipopungua, na hasa katika miaka ya 1990, mzigo ukarudishwa kwa wenyeji. Mahali ambapo kamati ilikuwa na watu waaminifu, josho liliendelea. Mahali pengine maji yalikauka, majani yakaota ndani ya handaki, na kila mtu akanunua bomba lake la mkono akarudi kujitegemea zizini mwake.

Hapo ndipo ilipo shida. Kupe hajui mpaka wa shamba. Wewe ukiogesha ng'ombe wako kila juma, na jirani yako asiogeshe hata siku moja, kupe walioshiba kwa jirani huanguka njiani, kisimani na malishoni, mahali ambapo ng'ombe wako hupita kesho. Tena kuna hatari ya pili. Dawa iliyopunguzwa nguvu, ama kwa kuongezwa maji ili idumu, ama kwa mvua iliyoingia joshoni, huwaua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Wenye nguvu huzaa watoto wenye nguvu, na baada ya muda dawa ile haiwashtui tena. Tangu miaka ya 1930 kupe wa Afrika ya Kusini walianza kuizoea aseniki, ambayo ilikuwa dawa ya kwanza ya majosho, na tangu hapo dawa nyingi zilizofuata zimezoewa vivyo hivyo. Mtu anayeiba nusu ya kipimo ili aokoe shilingi chache, huwafunza kupe wa kijiji kizima.

Sheria hii haiwahusu kupe peke yao. Nenda kwenye bustani ya sukuma wiki au kabichi, utamkuta nondo mdogo ambaye mabuu yake hutoboa majani. Wakulima walimnyunyizia dawa moja, kisha nyingine kali zaidi, naye akazizoea moja baada ya moja. Mwaka 2002 kituo cha uchunguzi wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi kilijaribu njia nyingine. Nyigu wadogo sana walioletwa kutoka Taiwan, ambao hutaga mayai yao ndani ya mabuu ya nondo huyo na kuyaua, walifunguliwa katika milima ya Taita. Madhara ya nondo yalipungua sana, na wakulima wakaweza kupunguza kunyunyiza. Lakini fahamu kwamba nyigu huyu hafanyi kazi kwa mkulima mmoja. Jirani akimwaga sumu kila siku tatu, atawaua nyigu wa kijiji kizima.

Kuna jambo lingine ambalo nalikuomba ulichukue nyumbani leo. Dawa ya kuua kupe na wadudu ni sumu, na sumu haitofautishi kupe na mtoto. Usinyunyize dhidi ya upepo, wala bila kufunika mikono na mdomo. Usitie mabaki ya dawa katika chupa ya soda au ya maji, maana mdogo wako hawezi kusoma yaliyo ndani. Soma kibandiko: huandikwa siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma mboga, au kabla ya kunywa maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa. Wengi hudhani kuchemsha maziwa huondoa kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa. Anayeuza maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano jana anauza ugonjwa kwa jina la chakula.

Na chanjo ya ndigana je, haipo? Ipo, nayo pia ilizaliwa Muguga, katika miaka ya 1970. Hutengenezwa kwa kupe wenye ugonjwa. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai, na papo hapo hudungwa dawa iendayo polepole mwilini, ili augue kidogo tu, apone, na awe na kinga ya kudumu. Lakini chanjo hii si nyepesi kama ile ya sotoka. Hapana budi ihifadhiwe katika baridi kali kuliko barafu yoyote unayoijua, na hufungwa dozi nyingi pamoja. Ikisha kufunguliwa na kuchanganywa, lazima itumike yote kwa saa chache. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja hawezi kumwita mchanjaji aje kwake peke yake. Sharti majirani wapatane siku, wakusanye ng'ombe zao mahali pamoja, na wagawane gharama.

Sasa, msomaji, umelipata jibu la swali letu. Sotoka ilikuwa kubwa, lakini ilishindwa kwa sababu nchi nyingi, kutoka bahari hadi bahari, zilikubali kufanya kazi moja kwa wakati mmoja, na waliporegea waliona matokeo yake wakaanza tena. Ndigana ni ngumu zaidi, kwa kuwa kupe na nyati huihifadhi, wala hatutegemei kuifuta kesho. Lakini sehemu kubwa ya nguvu yake huipata kwetu sisi: kwa jirani asiyeogesha, kwa kamati iliyokula fedha za dawa, kwa mwenye duka auzaye dawa iliyopita wakati wake, na kwa mkulima mwenye haraka. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wangalijua habari za kupe, wangalisema hivyo hivyo.

Wewe unayesoma habari hizi, wa Butali au wa penginepo, umekwisha kujua mambo ambayo Robert Koch hakuyajua alipoinama juu ya darubini yake Dar es Salaam. Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, nenda zizini ukatazame ndani ya masikio ya ng'ombe, na chini yake ulipapase tezi. Ukikuta kupe, usikae na habari hiyo peke yako. Mwambie baba na mama, kisha mwende pamoja mkamwambie jirani.